Kwa Nini Wakuu Wengine Huanguka Wakishafika Kileleni

Kila mfanyakazi aliyekaa kazini miaka kumi amepata kuliona jambo hili, na akirudi nyumbani jioni amelisimulia mbele ya mkewe na watoto. Fundi hodari anapandishwa cheo kuwa msimamizi wa karakana. Msimamizi mwema anafanywa meneja. Meneja anayesifiwa na wote anateuliwa kuwa Meneja Mkuu. Watu wanampongeza, mbuzi anachinjwa, picha yake inatoka gazetini. Haipiti miaka mitatu, mtu yule yule aliyekuwa tegemeo la shirika anaondolewa kwa aibu, na nyuma yake anaacha madeni, mashine zilizolala na wafanyakazi walionuniana. Hapo watu hujiuliza: akili zake zilikwenda wapi?

Mwaka 1969 mwalimu mmoja mzaliwa wa Kanada, Laurence Peter, alishirikiana na mwandishi Raymond Hull kutoa kitabu kilichochekesha watu wengi. Walidai kwamba katika kila ofisi mtu hupandishwa cheo kwa ajili ya kazi anayoiweza, mpaka siku moja anaifikia kazi asiyoiweza, na hapo ndipo anapokaa hadi kustaafu. Ni mzaha wenye ukweli ndani yake. Hata hivyo hautoshi, kwani hautuelezi ni kwa nini mtu mwenye akili timamu, aliyezungukwa na wataalamu, huendelea kuliendesha gari shimoni huku abiria wanapiga kelele.

Sisi wa nyanda za kati hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Panda basi Dodoma kuelekea mashariki, shuka Mbande, ushike njia ya kwenda Kongwa. Safari yote haifiki kilometa mia moja. Katika mbuga ile, kati ya mwaka 1947 na 1951, waliangushwa wakuu wengi kuliko mahali pengine popote katika historia ya nchi yetu, na si wakuu wa mchezo.

WAZO LA MNUNUZI

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Wananchi wake walikuwa wakigawiwa siagi na majarini kwa kadi, na India, iliyokuwa ikiuza karanga nyingi, ilianza kuzitumia yenyewe. Mwanzoni mwa 1946 Frank Samuel, Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni ya United Africa, iliyokuwa chini ya Unilever, aliipelekea Serikali ya Uingereza wazo lake: yalimwe mashamba makubwa ya karanga katika Afrika ya Mashariki kwa matrekta.

Bwana Samuel alikuwa mfanyabiashara aliyefika juu kwa haki. Kampuni yake ilitawala sehemu kubwa ya biashara ya Afrika ya Magharibi. Lakini tujiulize: karanga za Kano, kaskazini ya Nigeria, zile zilizorundikwa gunia juu ya gunia mpaka zikawa kama vilima kando ya reli, zililimwa na nani? Zililimwa na wakulima wadogo kwa jembe la mkono, kila mmoja na kipande chake. Kampuni ilijua kununua, kupima, kusafirisha na kuuza. Tajiri wa duka anaweza kuujua unga kwa kuupapasa tu, na bado asijue mahindi hupandwa mwezi gani.

Serikali ilipeleka tume ya watu watatu, ikiongozwa na John Wakefield, aliyekuwa amepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Walizunguka kwa muda wa wiki tisa hivi katika mwaka 1946, sehemu kubwa wakiwa ndani ya ndege. Waliporudi walipendekeza mashamba 107, kila moja la ekari 30,000; yaani ekari 3,210,000 kwa jumla, mashamba 80 yakiwa Tanganyika na mengine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Gharama ilikisiwa kuwa pauni milioni 24 hivi. Kazi ingeanzia Kongwa.

Kwa nini Kongwa? Sababu mojawapo ilikuwa kwamba ardhi ilikuwa tupu. Hakuna watu wengi wa kuhamishwa. Hapa ndipo inapotakiwa akili ya mtu wa kawaida. Wagogo ni wakulima na wafugaji, na ardhi wanaijua. Walipoiacha mbuga kubwa bila kuijenga, si kwamba hawakuiona. Waliiacha kwa sababu maji ni haba, mvua ni za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na hata katika msimu huo huweza kukatika wiki tatu mfululizo mimea ikiwa ndiyo kwanza inatoa maua. Watu waliokuwa wanakumbuka njaa ya Mtunya ya miaka ya 1918 hadi 1920 walikuwa bado hai mwaka 1946. Walikuwa wanalima uwele na mtama, mazao yanayovumilia jua. Utupu wa mbuga ile ulikuwa ushahidi tosha, lakini aliyeko ndani ya ndege aliuona kuwa ni nafasi.

Mapema mwaka 1947 kikosi cha kwanza kiliingia Kongwa. Shabaha ya mwaka ule ilikuwa kusafisha ekari 150,000. Matrekta mapya hayakupatikana, kwa hiyo yakanunuliwa makuukuu, mengi yakiwa masalio ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Mitambo hiyo ilipambana na mibuyu, na mizizi iliyosukana chini ya udongo kama ukili wa mkeka, ikafa mmoja baada ya mwingine. Kabla mwaka haujaisha sehemu kubwa ilikuwa imelala karakana. Ekari zilizosafishwa hazikufika hata 10,000. Septemba mwaka ule ule mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulienea kufuata Reli ya Kati hadi Kongwa kwenyewe, na wakubwa wakagundua kwamba maelfu ya vibarua waliowakusanya nao wana madai yao.

MKUU ALIYETOKA MAGAZETINI

Mwezi Machi 1948 kazi ilitolewa mikononi mwa kampuni ya United Africa, ikawekwa chini ya shirika jipya la umma la Uingereza, Overseas Food Corporation, ambalo wazee wa Kongwa wamezoea kuliita O.F.C. tu. Mwenyekiti wake alikuwa Leslie Plummer.

Plummer ni mtu wa kufikiriwa kwa makini, kwani si rahisi kumwita mjinga wala mvivu. Alikuwa amepanda ngazi katika kampuni ya magazeti ya Express mjini London, magazeti yaliyouzwa kwa mamilioni. Pia alikuwa na shamba lake huko Essex. Kwa hiyo waliomteua waliona wamepata mtu aliyekamilika: anajua biashara, anajua kilimo, na ni mwenzao katika siasa.

Lakini gazeti lina tabia yake. Linapangwa asubuhi, linachapwa usiku, na kosa la leo husahihishwa kesho. Mhariri akikemea, kazi hutoka. Shamba halikemewi. Karanga zikikosa mvua mwezi Februari, mwenyekiti hata angepiga meza mpaka ivunjike, atangoja Desemba. Na shamba la Essex, penye mvua za rasharasha mwaka mzima na udongo uliozoea plau kwa karne nyingi, lilimpa Plummer kitu cha hatari kuliko kutojua: lilimfanya adhani kwamba anajua. Udongo wa Kongwa una mchanga mkali uliokuwa ukizila plau, na una ufinyanzi ambao jua likiuchoma huwa mgumu kama tofali la kuchoma. Karanga, kama ajuavyo kila mama aliyewahi kuzing'oa, huzaa chini ya ardhi. Ardhi ikishakuwa tofali, karanga zimefungwa humo.

Mtu anapopewa cheo kikubwa, mambo aliyofanikiwa nayo zamani humjia kama jamaa zake wa karibu. Huwaamini kuliko wageni. Hili ndilo, kwa maoni yangu, chanzo cha kuanguka kwa wakuu wengi kuliko ulevi, wizi na mengine tunayopenda kuyataja. Mwizi hugunduliwa. Mtu mwaminifu anayetumia dawa ya jana kwa ugonjwa wa leo husifiwa kwa bidii yake mpaka siku ya maziko.

Angalia mfano wa pili. Huko Kongwa kwenyewe aliwekwa Meja Jenerali Desmond Harrison kuwa mkuu wa shughuli zote. Huyu alikuwa mhandisi wa kijeshi aliyeongoza kazi kubwa za ujenzi katika vita vya Asia ya Kusini Mashariki, chini ya Mountbatten. Vitani alikuwa na askari wanaotii, bohari zisizoulizwa bei, na adui anayejulikana. Kongwa alikuta raia wanaolalamika, vipuri visivyofika, na mahesabu ambayo hakuna aliyekuwa na uhakika nayo. Alifanya kile ambacho watu wengi wenye nidhamu hufanya wakizidiwa: alijitumbukiza katika makaratasi. Mwaka 1949 alikuwa mgonjwa, akarudi Uingereza. Alifanya kazi mpaka akaugua, na trekta hazikuongezeka hata moja kwa sababu ya makaratasi yale.

HABARI MBAYA HAZIPANDI NGAZI

Pamoja na hayo, kutojua peke yake hakuangushi mtu. Asiyejua anaweza kuuliza. Swali gumu ni kwa nini wakuu hawa hawakuuliza, na kama waliuliza, kwa nini hawakujibiwa.

Ndugu msomaji, chunguza mahali pako pa kazi. Mashine ikiharibika, fundi anamwambia msimamizi kuwa imekufa. Msimamizi anamwambia meneja kuwa inasumbua. Meneja anamwandikia Meneja Mkuu kwamba inafanyiwa matengenezo ya kawaida. Meneja Mkuu anaieleza bodi kuwa uzalishaji unaendelea vizuri isipokuwa matatizo madogo madogo. Hakuna aliyesema uongo mkubwa. Kila mmoja amepunguza chumvi kidogo tu, na chakula kimefika mezani hakina ladha kabisa.

Kongwa ngazi hiyo ilikuwa ndefu mno. Kutoka kwa mtu wa trekta kichakani mpaka ofisi ya Kongwa, kutoka Kongwa mpaka makao makuu London, kutoka kwa Plummer mpaka kwa John Strachey, Waziri wa Chakula, na kutoka kwa Strachey mpaka Bungeni. Na juu kabisa lilikuwapo jambo ambalo kila aliyeko chini alilifahamu: Waziri alikwisha kulitangazia taifa kwamba karanga zitapatikana. Tangu siku ile tarakimu ilikoma kuwa makisio, ikawa heshima ya mtu. Nani atamwendea mkubwa amwambie kwamba heshima yake haioti?

Ilifika mahali hata hesabu za fedha hazikueleweka. Wakaguzi waliokagua mwaka wa kwanza wa shirika, ulioishia Machi 1949, walieleza kwamba vitabu havikutunzwa inavyopasa. Fikirini, shirika lililokabidhiwa mamilioni ya pauni! Mkuu asiyejua ametumia kiasi gani ni kama dereva aliyeziba kioo cha mbele kwa gazeti. Na kioo kile huzibwa pole pole, kwa adabu, na watu wanaotaka asiudhike.

Novemba 1949 mambo yalipofichuka, nani aliyeondolewa? Wajumbe wawili wa bodi: John Wakefield, yule wa tume, na John Rosa, aliyekuwa naye katika tume ile. Mwenyekiti alibaki, na Waziri akamtetea Bungeni. Sisemi kwamba Wakefield hakuwa na lawama. Ripoti yake ndiyo iliyozaa yote. Lakini mwenye macho aliona kwamba wanatolewa kafara ili meza kuu isalimike. Mkuu akifikia hatua ya kutafuta mtu wa kumtupa nje, basi shirika zima hujifunza somo moja siku hiyo hiyo: usiwe karibu na kosa. Tangu hapo hakuna anayejaribu jambo jipya, wala anayetia sahihi kitu bila kutafuta wa kumsingizia.

Shabaha ya ekari zaidi ya milioni tatu ilikwisha kushushwa hadi ekari 600,000. Alizeti zilizopandwa Kongwa ili kuziba pengo nazo zilichomwa na ukame wa mwaka 1949. Mwaka 1950 Plummer aliacha uenyekiti. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Pia yule aliyekuwa ofisa habari wa shirika, Alan Wood, alikuwa amejiuzulu, na mwaka 1950 akatoa kitabu kikieleza mambo yote tangu mwanzo. Mtu aliyeajiriwa kusema mazuri tu alilazimika kutoka nje kwanza ndipo aseme yaliyokuwapo.

BAADA YA WAZUNGU

Isidhaniwe kwamba ugonjwa huu ni wa wakoloni. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mabenki na viwanda vingi vilitaifishwa, na katika muda mfupi vijana wetu wengi walikalia viti vya umeneja ambavyo miaka michache kabla wasingeruhusiwa hata kuvifuta vumbi. Wapo waliofanya kazi ya ajabu. Wapo pia waliokalia kiti wakarithi na kiburi cha aliyekikalia jana: mlango uliofungwa, kengele ya kumwita tarishi, lugha ya matusi kwa wafanyakazi. Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaanzishwe, na Mwongozo wa TANU wa Februari 1971, katika ibara yake ya 15, ukawakemea viongozi wenye majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliisoma ibara hiyo kwa makini kuliko mameneja. Kati ya 1971 na 1973 migomo ilizuka viwandani, na pengine meneja alijikuta amefungiwa nje ya lango na watu aliokuwa akiwaita wavivu.

Wengi wa mameneja hao walishangaa kweli kweli. Ndilo jambo la kusikitisha. Baraza la wafanyakazi lilikuwapo, lilikutana, na lilikuwa na katibu na kumbukumbu. Lakini mwenyekiti wa kikao alikwenda pale kutoa maelezo badala ya kuyapokea. Fundi aliyejua kwamba pampu ya tatu itapasuka kabla ya sikukuu alikuwa amekaa mstari wa nyuma, amekunja mikono.

NA NYUMBANI JE?

Kurasa hizi ni za jamaa nzima, kwa hiyo nyumba isiachwe. Mtu akipata cheo kikubwa nyumba yake hubadilika kabla ofisi yake haijabadilika. Ndugu wa mbali wanakuwa wa karibu. Rafiki aliyekuwa akimtania sasa anamwita mzee. Watoto wanaambiwa wasipige kelele, baba amechoka na kazi za taifa. Ikiwa mwenye cheo ni mama, majirani huanza kupima maneno yao mbele yake, na mumewe pengine huona afadhali kunyamaza. Mwishowe hapabaki hata mtu mmoja wa kumwambia kwamba jana alikosea.

Mke wa mkuu, au mume wake, ndiye mtu pekee asiyeweza kuhamishiwa wilaya nyingine kwa sababu ya kusema. Nafasi hiyo ni ya thamani, na mara nyingi hupotezwa kwa kushindana juu ya gari na samani. Nimewajua watu wazima waliookolewa na swali moja lililoulizwa wakati wa chakula: "Lakini mbona mwezi uliopita ulisema kinyume?" Kuna nyumba ambamo swali la namna hiyo huhesabiwa kuwa utovu wa adabu, na mwenye nyumba ya namna hiyo hulizoea sikio lake kimya, kisha hukibeba kimya hicho kwenda nacho ofisini.

MBUGA BAADA YA WAKUBWA

Plummer hakuangamia. Mwaka 1951 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Deptford, London, akawa Mbunge hadi alipofariki mwaka 1963. Bungeni kazi yake ilikuwa kusema na kuuliza maswali, na huenda hiyo ndiyo iliyomfaa tangu mwanzo.

Kongwa nayo iliendelea na maisha. Sehemu ya ardhi iliyong'olewa vichaka kwa gharama ile kubwa ikawa ranchi ya ng'ombe, jambo ambalo mfugaji yeyote wa Kigogo angewaeleza bila kulipwa nauli ya ndege. Tangu mwaka 1964 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wa FRELIMO, ANC, SWAPO na wengineo, walipewa kambi huko, na Samora Machel ni mmoja wa waliopita Kongwa. Njia ya reli iliyotoka Msagali iling'olewa.

Na karanga? Zinaota. Wakulima wa Dodoma huzilima kila mwaka, ekari moja hapa, ekari mbili pale, katika vipande vya udongo mwepesi ambavyo mwenyewe anavijua kwa majina, na pembeni yake mtama au uwele wa kujikinga na njaa. Mvua ikichelewa mwenye shamba hapandi. Huenda kumwuliza jirani wa bondeni kama kwake imenyesha. Pale Kibaigwa, katika wilaya hiyo hiyo ya Kongwa, pana soko kubwa la nafaka ambalo malori huja kupakia mahindi, na kandokando ya barabara kuu wanawake huwauzia abiria karanga za kukaanga, wakizipima kwa kikombe.